Chai ya Bi Okhwa na Mpaka wa Bahari

Birika la chai ya shayiri liliwekwa mbele ya Bi Okhwa, kama kawaida, ingawa yeye ndiye naibu kiongozi wa ujumbe wa nchi yake. Akawamiminia wanaume wote mezani, wa kwao na wa ng'ambo, akakaa. Hapo maji ya bahari yakaanza kuingia.

Yalimjia yeye tu. Mkurugenzi Pyo, kiongozi wa ujumbe, aliyeketi ubavuni pake, hakulowa hata soksi. Mhudumu akaleta taulo, akalitandika chini ya kiti cha Okhwa, akaenda zake.

Siku hiyo, katika ukumbi ulio juu ya majabali ya kisiwa cha Jeju, walikuwa wanatia saini mpaka wa bahari kati ya nchi mbili. Mstari mwekundu kwenye ramani uliukata mwamba ambao mama yake Okhwa na wanawake wa kijiji chao, kisiwani humo, huuzamia kutafuta pweza. Ukisainiwa, mwamba umekwenda ng'ambo.

Mama alikuwa amepiga simu alfajiri.

"Huku kwetu, kwenye moto wanaoota wazamiaji, asiyezamia hasemi. Hao wanaume wako wamezamia lini?"

"Mama, hata kuogelea hawajui."

"Basi sema wewe. Au hiyo suti imekukaba koo?"

Maji yakafika kiunoni.

"Mkurugenzi, naomba kusema kabla ya saini."

"Tumalize kwanza kipengele hiki, Bi Okhwa. Chai bado ipo?"

Akamimina. Kipengele kikaisha, kikaja kingine. Maji yakafika kifuani.

"Mkurugenzi, ule mwamba..."

"Ah, una haraka kama mke wangu sokoni!"

Wageni wakacheka. Maji yakamfunika kichwa.

Okhwa akabana pumzi kama alivyofunzwa utotoni, akasema humo humo ndani. Alitaja mwamba kwa jina lake, akawataja wanawake mmoja mmoja, mama yake wa mwisho. Mapovu yakapanda. Karani akayatazama, akaandika kwamba ujumbe hauna pingamizi. Kalamu zikatolewa.

Alipoibuka alitoa ule mluzi mrefu wa wazamiaji wanaposhusha pumzi, na kutoka chini majabalini wenzi wa mama yake wakamjibu kwa miluzi yao. Pyo akainuka akafunga dirisha. Wino ulikuwa umeshakauka.

Jioni mama akauliza kwenye simu, "Umesema?"

"Nimesema."

"Juu ya maji au chini?"

"Chini."

Mama akashusha pumzi. "Haya. Kausha nywele, usije ukaugua."

Kikao kilichofuata, birika lilikuwa mahali pake. Kando yake mtu alikuwa ameweka miwani ya kuzamia, mipya kabisa.

"Unaona tunavyokujali?" alisema Pyo.

Okhwa akaivaa, akashika birika.