Bi Skrubu na Rili za Bei Nafuu

Duka lilikuwa la mdogo wake, lakini chumba cha nyuma kilikuwa cha Bi Skrubu, na hilo halikuwa na mjadala. Humo alikuwa na meza yake, taa ya kuinamisha, bisibisi kumi na moja zilizopangwa kwa urefu, na kiti ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Kabla ya hapo alikuwa fundi saa kwa miaka ishirini na sita. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, kibanda chake kilikufa taratibu. Ndipo mdogo wake, mwenye duka la vifaa vya kuvulia, akamwambia, "Dada, njoo kwangu. Na mimi nina vitu vinavyozunguka."

Vitu vyenyewe vilikuwa rili, yale magurudumu madogo ya kukunjia mshipi yanayofungwa chini ya ufito wa kuvulia. Wateja wa duka lile walivua mtoni, wamesimama majini hadi magotini, wakirusha ndoano iliyovishwa manyoya ili samaki adhani ni mdudu. Watu hao wana mapenzi yao. Hawataki rili yenye mbwembwe. Wanataka ya mtindo wa zamani, duara nyeusi yenye matundu, kishikio cha mbao, na ule mlio wa kre-kre-kre mshipi unapovutwa. Zile za asili, zilizochongwa kwa mkono, bei yake haishikiki, kwa hiyo wananunua zinazofanana nazo. Na kwa kuwa zinazofanana ni nyingi na nusu yake ni takataka tupu, ilibidi awepo mtu wa kuzipima.

Mtu huyo ndiye Bi Skrubu. Kila karakana ilipoleta sampuli, kabla duka halijaagiza mzigo, alijifungia nayo siku nzima. Aliitikisa ngoma, ile duara inayobeba mshipi, kwa kidole kuona kama inacheza kwenye mhimili wake. Alikagua vichwa vya skrubu kama vimechubuka, maana fundi mwenye haraka huacha alama zake hapo. Aliuvuta mshipi polepole, kisha kwa ghafla, akitega sikio kusikia kama ule ulimi mdogo wa chuma unashika kila jino la gurudumu la ndani au unaruka. Jioni alitoka na neno moja: "Ipite." Kwa miaka saba hakuwahi kutoka na neno lingine, na mdogo wake alijisifu mji mzima kwamba dada yake ana bahati na sampuli. Bahati ya namna gani hiyo, mtu mwenye akili timamu angejiuliza, lakini ndugu akisifiwa nani ana muda wa kujiuliza.

Asubuhi moja, sampuli mpya ikiwa mezani inasubiri kupimwa, akaingia Mwalimu. Alikuwa mstaafu aliyewafundisha hesabu nusu ya watu wa mji, mwenye duka akiwemo. Alikuwa amebeba ufito wake, mfuko wake, buti zake za mpira na rili aliyoinunua hapo mwaka uliopita, vyote vimefungwa pamoja kwa kamba.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Bi Skrubu.

"Marahaba, binti yangu. Naomba mniuzie hivi vitu. Hakosekani wa kuvitaka."

"Kulikoni tena?"

Mwalimu aliweka mzigo juu ya kaunta, akaupapasa kidogo. Samaki wakubwa watatu walikuwa wamemponyoka tangu msimu uanze. Kila mara samaki akikimbia, ngoma ilizunguka ovyo, mshipi ukajisokota, ukakatika. Mara ya tatu mkewe alimwona. Kwa miaka arobaini mama huyo alimsindikiza mtoni na kitabu chake, na karibu hakuwahi kuinua macho. Siku hiyo akayainua.

"Akaniambia, baba, si kitu, twende nyumbani," alisema Mwalimu. "Sauti ile mtu hutumia kwa mgonjwa. Nikajua basi. Mikono imechoka."

"Labda ni rili," alisema mwenye duka.

"Rili haina kosa. Si dada yako ndiye aliyeipima?"

Bi Skrubu alijisikia vizuri kwa muda mfupi sana. Kisha akaichukua ile rili, akaenda nayo nyuma kuitazama, kwa mazoea tu.

Ngoma ilikuwa inacheza kwenye mhimili. Aliuvuta mshipi; ulimi ulishika meno matatu, ukaruka la nne. Alishangaa. Kwenye rafu alikuwa ametunza sampuli zote alizowahi kupitisha, akateremsha ile ya karakana hiyo hiyo, mwaka huo huo. Ngoma ilitulia tuli. Mlio ulikuwa safi, jino kwa jino. Akaifungua ili aone tofauti iko wapi, na tofauti ikamkodolea macho: kwenye mhimili kulikuwa na kipande cha bati chembamba, cha duara, kilichokatwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na ulimi ulikuwa umepigwa tupa kidogo ubavuni.

Hakuna karakana duniani inayotumia kopo la maziwa ya unga. Hilo kopo lilikuwa chini ya meza yake.

Aliteremsha na nyingine. Katika hii springi ilikuwa imekunjwa upya. Katika ile kulikuwa na bati tena. Zote zilikuwa na mkono wake ndani. Hakukumbuka hata moja, kama mtu asivyokumbuka ni mara ngapi alijikuna. Miaka ishirini na sita mikono yake haikuwahi kumrudishia mtu kitu kilicholegea, na hakuna aliyeiambia mikono hiyo kwamba sasa kazi ni kupima, si kutengeneza. Alikuwa ameisahihisha kazi yake mwenyewe na kujipa alama zote, na wateja wakauziwa zile asizozigusa.

Aliogopa, tusifichane. Alikuwa tayari ameshika mkasi na kopo, na dakika tano zingetosha kuitengeneza rili ya Mwalimu, kuirudisha, na kusema ilihitaji mafuta tu. Mzee angefurahi, na kiti kingebaki chake. Maana kama si mpimaji, yeye ni nani katika duka hili? Dada wa mwenye duka, anayekula bure chumba cha nyuma. Lakini zilikuwa zimeuzwa rili mia mbili na zaidi, na huenda katika kila nyumba palikuwa na mtu anayeitazama mikono yake kwa huzuni. Aliweka mkasi chini, akatoka na rili mbili mkononi.

"Mwalimu, mikono yako ni mizima," alisema. "Kosa ni langu." Akazifungua juu ya kaunta, akawaonyesha.

Mdogo wake alikaa juu ya katoni ya buti. "Yaani zote, dada? Miaka saba?"

"Zote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, na mimi mwenyewe sikujua? Kitu kikicheza mkononi mwangu nakikaza. Wewe ukipita mlango ulioachwa wazi, si unaufunga na safari yako inaendelea?"

Mwalimu alikuwa ameigeuza mikono yake, akiitazama kwa ndani na kwa nje. "Kwa hiyo si mikono," alisema hatimaye.

"Si mikono, Mwalimu. Nisamehe."

Mzee alikohoa, akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya darasani. "Mwanafunzi akimrekebishia mwenzake mtihani kabla haujakusanywa, nilikuwa nampa adhabu gani?"

"Kukalia mikono," alijibu mwenye duka, upesi mno, maana aliijua kwa uzoefu.

"Lete kiti cha dada yako. Na hiyo sampuli mpya."

Bi Skrubu akakaa mbele ya kaunta, mikono chini ya mapaja, mtu mzima na miwani yake. Mwalimu akaishika sampuli kwa vidole vyake vizito visivyojua kutengeneza chochote, akauvuta mshipi. Kre-kre-kre, kimya. Kre-kre-kre, kimya. Mabega ya Bi Skrubu yakapanda.

"Tulia," alisema Mwalimu.

"Ni kulainisha ulimi tu. Dakika moja."

"Dakika moja yako. Aliyeko mtoni je?"

Mdogo wake aliitazama rafu ya dukani, iliyokuwa imebaki tupu, kisha akamtazama yeye. "Dada, sema wewe. Ipite?"

"Isipite," alisema Bi Skrubu.

Mdogo wake alishusha pumzi ndefu. Kisha akachana kipande cha katoni, akatafuta kalamu, akaandika kwa herufi kubwa kwamba wote walionunua rili hapa wazirudishe, zitatengenezwa bure na fundi wa chumba cha nyuma. Akakibandika mlangoni bila kumuuliza mtu.

Mwalimu alikuwa anahangaika na fundo la kamba ya mzigo wake. Lilipofunguka, akaitoa rili yake na kuiweka juu ya magoti ya Bi Skrubu.

"Sasa toa mikono hapo chini," alisema. "Jumamosi mke wangu anaenda mtoni bila kitabu."