Hamira ya Neusa

Odair alikuwa mtu mwema, ila kichwa chake kigumu, tena kigumu hasa. Kwa miaka thelathini na moja alisimamia matangi ya kuchachushia pale kiwandani kando ya mto Mogi, ambako maji ya miwa huingia matamu na kutoka spiriti ya kuendeshea magari. Kazi yenyewe hufanywa na hamira. Inakula sukari, inatoa spiriti na povu, kisha inatenganishwa, inaoshwa na kurudishwa tangini ikale tena. Hamira ileile, siku mia mbili na ushee, mpaka msimu wa miwa uishe.

Viwanda vingine huanza msimu kwa magunia ya hamira ya mikate. Kiwanda cha Odair kilikuwa na yake. Neusa, mkewe Odair, aliyefanya kazi maabara, ndiye aliyeigundua tangini miaka kumi na moja nyuma, hamira ya porini iliyojileta yenyewe na miwa, ikaitimua ile ya mikate. Akaitenga, akaitunza, na kila msimu akaianzisha upya. Januari Neusa akafa kwa saratani. Mwezi huohuo wasimamizi wapya wakasafisha maabara na kutupa chupa zake zote, wakidhani ni uchafu. Ilibaki moja, kwenye friji ya nyumbani nyuma ya bakuli la maharage, nayo Odair aliimimina tangini Aprili. Yote, jamani, hakubakiza hata kijiko.

Agosti bakteria wakaingia. Spiriti ikapungua, tangi likanuka siki, hamira ikaganda mabonge. Meneja alisema, bila ukali, kwamba ikifika Ijumaa hakuna nafuu, watamwaga kila kitu na kuanza na ya mikate. Odair aliitikia kwa kichwa. Kilichokuwa mle tangini ndicho kitu pekee cha Neusa kilichobaki hai.

Alhamisi asubuhi Jacira, binti wa maabara, alimfuata na chupa tupu mkononi.

"Mzee, nipe nusu lita tu kabla hujaosha. Niipeleke chuo kikuu Piracicaba, wataitenga tena kama alivyofanya mama Neusa."

"Wakishaitenga wataiitaje? Wataipa namba?"

"Waiite wanavyotaka. Si itakuwa hai?"

"Neusa hakuwapa, na mimi siwapi. Nitaiponya mwenyewe. Nilianza kuosha hamira wewe hujazaliwa, mwanangu."

Basi akaosha. Kawaida inaoshwa kwa asidi muda wa saa mbili, bakteria wanakufa, hamira inavumilia. Ikiugua, wakongwe wa kazi ile huongeza asidi kidogo, ndivyo walivyofundishana. Odair aliongeza maradufu. Alipoona harufu ya siki haijaisha akaongeza tena, na zile saa mbili zikawa saba. Mapenzi gani hayo! Alikaa pembeni na kahawa yake, akiibembeleza hamira kwa maneno kama mtu anayeuguza.

Jioni Jacira alichanganya tone moja na rangi ya bluu, akaliweka chini ya hadubini. Chembe hai huikataa rangi ile, iliyokufa huinywa. Odair aliinama, akatazama, akasogeza kioo, akatazama tena. Akaomba tone la kutoka chini kabisa ya tangi. Kisha la tatu. Chembe zote zilikuwa bluu.

"Labda rangi imezeeka," alisema.

Jacira alikwisha kuijaribu kwa hamira ya dukani, na rangi ilikuwa sawa. Alimwambia hivyo taratibu. Odair akavua miwani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia waziwazi, mwanamume wa miaka sitini na miwili.

"Yeye alikufa kwa ugonjwa," alisema. "Hii nimeiua mimi."

Ijumaa wakamwaga. Jumamosi magunia yakafika, na hamira ya mikate ikaanza kula sukari kwa pupa, povu likapanda mpaka juu. Kufikia Jumatano spiriti ilikuwa imerudi kiwango chake, tena ikazidi kidogo ile ya Neusa. Meneja alishuka mwenyewe kumpa Odair mkono, akamuuliza kwa nini walihangaika na ile nyingine miaka yote hiyo. Odair akamshukuru, akarudi kupima joto la tangi.