Mwanamke Aliyemkataa Abel Rundle

Kanisa la Kelmore lilipokaribia kutimiza miaka mia na hamsini, kamati iliziomba familia kongwe za wilaya ile kila moja itoe mtu wa kusimama mbele ya waumini aeleze jinsi wazee wake walivyofika Tasmania. Kwa akina Rundle hapakuwa na mjadala. Mervyn ndiye mkubwa, ndiye aliyebaki shambani na kondoo, na kila Jumapili ndiye aliyekaa benchi la mbele, chini ya dirisha la vioo vya rangi lenye jina la Abel, babu wa babu yao. Ila Mervyn hakuwa mtu wa kalamu. Alimpigia simu dada yake Averil, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake jijini Hobart, akamtuma hifadhi ya nyaraka. Alitaka vitu viwili tu: jina la meli iliyomleta Abel, na jina la kwao la mkewe, Margaret.

Huyo Margaret walimjua tangu utotoni, ingawa hakuna aliyewahi kuona picha yake wala kaburi lake. Waliambiwa alikuwa mpole, mcha Mungu, binti wa kasisi wa huko Uingereza, na kwamba alifariki akimzaa Thomas, mtoto wake wa pekee. Averil alikuwa amelelewa kwa hadithi hiyo kama wengine wanavyolelewa kwa uji. Shuleni, mtoto akitaka kumuumiza mwenzake kabisa alimwita mjukuu wa pingu, kwa sababu nusu ya kisiwa hicho cha Tasmania ilijazwa na wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Uingereza na Ayalandi. Akina Rundle hawakuwa na hofu na tusi hilo. Wao walikuja kwa hiari yao, wakiwa na mizigo yao na barua ya gavana.

Kumpata Abel hakukumsumbua. Alikuwemo katika orodha ya abiria huru, kijana asiye na mke, akapewa ardhi kubwa kando ya mto wa Kelmore. Ardhi tupu, karani aliandika. Lakini katika sanduku hilohilo la nyaraka mlikuwa na ombi la Abel mwenyewe, akitaka askari waje kuwafukuza wenyeji waliokuwa wakiwasha moto katika mabonde yale. Averil alilisoma ombi hilo, akalirudia. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kutaja kwamba bonde lilikuwa na wenyewe.

Margaret hakuonekana. Hakuwa melini, hakuwa katika ndoa za kanisa, hakuwa katika mazishi. Averil alidhani amekosea mwaka, akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Alikuwa karibu kukata tamaa alipoamua kulifuata jina la Rundle popote lilipo, hata mahali ambapo hakutarajia kulikuta. Akalikuta katika daftari la nyumba ya yatima. Mtoto Thomas Tully, liliandikwa, mama yake mfungwa, amechukuliwa na Bwana Abel Rundle wa Kelmore ili afundishwe kazi.

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi kwa muda. Umri wa mtoto yule ulilingana kabisa na umri wa Thomas wao.

Aliporudi ndani aliomba kumbukumbu za mama wa mtoto. Honora Tully alikuwa mtumishi wa nyumbani kutoka Cork, Ayalandi, aliyehukumiwa miaka saba kwa kuiba joho la bibi mwajiri wake. Aliyemwandika alieleza kwamba alikuwa mfupi, mwenye nywele nyekundu na kovu kidevuni, na kwamba alijua kusoma ila hakujua kuandika. Aliposhuka bandarini alipangiwa kumtumikia Abel Rundle. Kisha yakafuata makosa yake, kila moja kwa mstari mfupi: kumjibu bwana wake, kukataa kuingia ndani ya nyumba jioni, kulala kwenye banda la kunyolea kondoo bila ruhusa. Mwisho, kwa malalamiko ya Abel huyohuyo: mjamzito, arudishwe gereza la wanawake, akatumikie adhabu.

Averil alikuwa amewazalisha wasichana wengi katika kazi yake, wakiwemo waliogeuzia uso ukutani kila walipoulizwa baba ni nani. Hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtumishi angependa kulala bandani kwa kondoo kuliko ndani ya nyumba.

Kilichomchanganya ni karatasi ya mwisho. Thomas alipokuwa na miaka mitatu, akiwa tayari ametenganishwa na mama yake na kupelekwa nyumba ya yatima, Abel aliandika kwa serikali kuomba ruhusa ya kumwoa Honora Tully, mfungwa. Afisa aliandika kwamba hana pingamizi. Chini yake, kwa wino tofauti, mtu mwingine aliongeza maneno mawili: Mwanamke hataki.

Hasira iliyompanda Averil ilimshangaza, kwa maana haikuwa juu ya Abel. Ilikuwa juu ya huyo mwanamke. Neno moja tu lingemtoa gerezani, lingemfanya bibi wa nyumba ya mawe, lingemrudishia mwanawe. Angewezaje kulimeza? Alibeba swali hilo hadi kwake, akapika, hakula. Abel alimchukua mtoto mara tu baada ya kukataliwa, akampa jina lake, na mama akaandikiwa kifo asichokufa na jina lisilo lake.

Siku iliyofuata alitafuta kumbukumbu ya kifo cha Honora. Alianza na Hobart, kisha miji ya bandari, akiamini kwamba mwanamke akiachiwa huru angekimbilia mbali iwezekanavyo. Akamkuta Kelmore. Honora Tully, mfua nguo, amekufa kwa uzee, mwenye miaka sabini na moja. Aliyeleta taarifa ya kifo ni Thomas Rundle, mkulima. Penye nafasi ya kutaja uhusiano wake na marehemu, Thomas aliandika kwa mkono wake: rafiki.

Averil hakutaka kumweleza kaka yake kwa simu. Alipanda basi hadi Kelmore, akamkuta Mervyn amekaanga nyama ya kondoo iliyobaki jana, kama kawaida yake tangu afiwe na mkewe. Alimwacha amalize kula kwanza. Halafu akampangia nakala mezani, moja baada ya nyingine, akimweleza kila moja ni nini. Mervyn alisoma polepole huku amekunja uso. Alipofika mwisho alizirudisha zote kwake.

"Wafungwa walikuwa maelfu," alisema. "Na akina Thomas walikuwa wengi. Umeokota mtu wa watu ukamleta nyumbani kwangu."

"Nionyeshe Margaret basi, kaka. Nionyeshe hata mahali alipozikwa."

"Kwa hiyo nisimame kanisani, mbele ya watu kama akina Cosgrove, niseme sisi ni wajukuu wa mwizi wa joho?"

"Aliyeiba joho haninyimi mimi usingizi. Aliyemtia mimba kisha akamshtaki ndiye mwenye dirisha kanisani."

Mervyn aliinuka, akaenda kusimama mlangoni akitazama nje, mbwa wake wakimjia miguuni. Averil alijua tabia yake, akaanza kuzikusanya nakala. Alidhani amemkasirisha kiasi cha kufukuzwa. Ila Mervyn alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na hakugeuka.

Alisema kuna jambo babu yao Edgar alimsimulia mwaka aliokufa, naye hakulitilia maanani. Edgar alipokuwa mtoto, baba yake Thomas alikuwa akipakia kuni kwenye mkokoteni kila Jumamosi, akizipeleka kwa kikongwe mmoja aliyeishi kwenye kibanda kule chini mtoni, penye mawe ya kufulia. Kulikuwa na wafanyakazi wa kutosha pale shambani, lakini kuni hizo Thomas hakumwachia mtu. Alizipasua mwenyewe, akazipanga mwenyewe. Edgar alifuatana naye mara moja, akauliza yule bibi ni nani, akachapwa kofi. Lilikuwa kofi la pekee alilowahi kupigwa na baba yake. Yule kikongwe alitoka ndani, akamfokea Thomas kwa lugha ambayo Edgar hakuielewa, na Thomas, mtu mzima mwenye ndevu na heshima zake, akainamisha kichwa kama mtoto.

"Babu alisema nywele zake zilikuwa nyeupe zote," Mervyn alimaliza, "ila nyusi zilikuwa bado nyekundu."

Hapo Averil alilia. Si kwa kelele. Machozi yalimtoka tu, akaacha yatoke. Tangu hifadhi ya nyaraka alikuwa akimhukumu mwanamke yule kwa kumwacha mtoto. Sasa aliona alichofanya Honora. Alikataa kulala tena chini ya paa la Abel, na alipopewa uhuru wake hakwenda kokote. Alirudi kwenye wilaya ileile, akafua nguo za watu waliomjua, za nyumba ya mawe pengine zikiwemo, kwa sababu mwanawe alikuwa akikulia pale. Averil alimweleza Mervyn hivyo. Mervyn alikaa, akazivuta zile nakala, akazisoma upya. Alipofika kwenye ombi la askari aliuliza kama na hilo nalo lisomwe.

"Liliandikwa na Abel mwenyewe," Averil alimjibu. "Ukisoma lake moja, soma yote."

Siku ya sherehe kanisa lilijaa hadi ukumbini. Familia zilisimama moja moja zikataja meli, mashamba, maaskofu na vita walivyopigana vijana wao. Mervyn alipoitwa alikwenda mbele akiwa amevaa suti ya mazishi, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Alisoma kwa sauti ileile ambayo angetajia bei ya sufu. Alisema Abel Rundle alikuja huru akapewa ardhi iliyokuwa na watu, akaomba askari wa kuwaondoa. Alisema hapakuwa na Margaret. Alimtaja Honora Tully wa Cork, akaeleza kosa lake, utumishi wake, mimba yake, na nani aliyemrudisha gerezani. Alisema kwamba alipoposwa na Abel alimkataa, na kwamba akina Rundle wote walioko Kelmore wametoka tumboni mwake. Kisha akakunja karatasi, akarudi kukaa.

Kasisi alisita, akaita familia iliyofuata.

Baadaye, wakati wa chai, watu walisimama na vikombe vyao mbali kidogo na ndugu hao wawili. Mzee Cosgrove, rafiki wa Mervyn tangu shuleni, alimsogelea akiwa amewiva uso. Alimuuliza alikuwa anatafuta nini. Dirisha lile walilichangia wazee wao wote, na watu walikuja kusherehekea, hawakuja kusikiliza uchafu wa jikoni kwa watu. Mervyn alimwambia hakuwa anatafuta kitu. Cosgrove aliondoka bila kuaga, na tangu siku ile hadi kifo chake hakukanyaga tena kwa Mervyn. Jambo hilo lilimuuma Mervyn kuliko alivyokubali kusema.

Mke wa Cosgrove ndiye aliyebaki nyuma akijifanya anatafuta glavu. Alimshika Averil kiwiko, akamnong'oneza akimuuliza hifadhi ya nyaraka hufunguliwa siku gani, na kama huwa wanamuuliza mtu anamtafutia nani. Averil alimwambia hawaulizi. Mama yule aliitikia kwa kichwa, akamfuata mumewe.

Jioni haijaingia, Mervyn alimpeleka dada yake kwa gari hadi makaburi ya Wakatoliki, upande wa pili wa mji, alikozikwa Honora. Hakuwahi kuingia mle katika maisha yake yote. Sehemu ya juu ilikuwa na misalaba na majina ya Kiayalandi. Ya chini, walikozikwa maskini, ilikuwa majani matupu yakishuka kuelekea mtoni. Mtunzaji alikuwa ameshawaambia kwamba hakuna ramani. Walitembea taratibu, wakichagua pa kukanyaga, kisha wakasimama popote.

"Unadhani alijua kwamba anampenda?" Mervyn aliuliza.

"Nani?"

"Thomas. Kwamba mama yake anampenda. Au alimjua kama mwanamke wa kufua tu hadi akawa mkubwa?"

Averil alisema hajui. Alisema karatasi hazikuandika hilo, na kwamba amezisoma zote. Mervyn alivua kofia yake, upepo ukamrusha zile nywele chache alizobaki nazo. Alisimama hivyo muda mrefu, mzee wa kanisa jingine katika makaburi yasiyo yake, akimwombea bibi ambaye yeye alichelewa kumjua. Alipomaliza alimuuliza Averil iwapo jina lile hutamkwa Honóra au Hónora. Averil hakujua hilo pia. Basi Mervyn akalitamka kwa namna zote mbili.