Programu Iliyojiita BARUA

Kadi mia tatu za harusi zilitakiwa saa kumi, na programu ya kupangia maandishi iligoma kufunguka. Kioo cheusi, mstari mmoja mweupe: kumbukumbu haitoshi. Shangazi, mwenye kiwanda chetu cha uchapaji na mwenye mdomo wake, alishaapa kwamba mashine isipoamka leo itauzwa kama chuma chakavu, na mimi nitahamia chumba cha gundi. Gundi hunipa chafya mpaka machozi. Niliogopa kweli.

Tukamwita fundi tuliyempa jina la Pimapima, maana hagusi kitu bila kukipima. Aliandika amri moja, orodha ikateremka.

"Nafasi ni kilobaiti mia sita na arobaini tu," alisema. "Kila programu inayojipakia asubuhi inakaa humo mpaka mzime. Mmejaza wakaaji, mwenye kazi hana pa kukanyaga."

Akaanza kuwafukuza. Saa ya pembeni ya kioo, nje. Kipanya, ambacho hakuna anayekitumia, nje. Akawasha upya, akapima. Bado zilikosekana kilobaiti nne.

"Na huyu BARUA? Anakula tano."

BARUA niliileta mwenyewe kwenye disketi. Ni mchezo wa matofali: nikisikia ndala za Shangazi nabonyeza vitufe viwili, matofali yanatoweka, inatokea barua ya kumwomba radhi mteja; nikivibonyeza tena, mchezo unarudi.

"Barua za ofisi haziguswi," Shangazi akasema. "Toa kingine."

"Kimebaki cha printa, mama."

"Toa hicho."

"Halafu mtachapa na nini?"

Saa nane na nusu. Mficha uchi hazai. "Shangazi, aitoe tu," nikasema. "Si barua. Ni mchezo wangu. Nisamehe."

Pimapima, asiyeamini mpaka apime, akabonyeza vitufe nilivyomwonyesha. Mchezo ukafunguka na orodha ya alama. Elfu tatu na mia moja zangu, nilizozitolea jasho mwezi mzima, zilikuwa za pili. Juu yake palikaa elfu tisa na mia nne. Nikienda kula mchana, anayebaki na ufunguo ni mmoja tu.

"Umefikaje huko, Shangazi?"

"Toa hicho kitu, fundi," akasema, macho dirishani. "Tuna kazi."

Kadi zilitoka saa kumi kasoro dakika tano, na chumba cha gundi hakikutajwa tena. Shangazi alimsindikiza Pimapima hadi nje, wakanong'onezana. Kesho yake mashine ilipowaka ikauliza swali jipya: moja kazi, mbili BARUA.

Kiti bado ni changu, isipokuwa saa saba hadi saa nane. Saa hiyo natumwa kununua wino, kila siku. Stoo imejaa wino mpaka mlango haufungi.