Mkono wa Enoka

Method wa Makanyagio hakuwa na mke, hakuwa na kiwanja, hakuwa na shati la pili la kwendea misa. Studio yake haikuwa na taa za kupigia picha. Alifungua mlango jua liingie. Hakuwa pia na kile walichojaliwa watu wengi bila kukiomba: kuona jambo na kuliacha lipite. Kamera alikuwa nayo. Harusi, komunio, nyumba inayoungua, vyote alivipiga.

Jumapili moja Fabiani, kinyozi jirani yake, alimvuta hadi banda la video. Filamu ilikuwa ya wapiga picha wa vita, na sauti ya mtafsiri ilifunika ya Wazungu kwa Kiswahili chake cha mbwembwe. Mzee mmoja mwenye kamera alipiga magoti kando ya majeruhi. Banda zima likadhani anamfunga kidonda. Kumbe anatafuta pembe nzuri.

"Msaidie kwanza, babu," mtu alisema nyuma.

"Hawezi," Fabiani akajibu. "Huyo ni Method wetu. Hata Yesu akirudi, atamwambia asogee kwenye mwanga."

Watu wakacheka. Method akainuka, akatoka.

Mwaka uliopita ng'ombe waliingia kwenye mpunga upande wa Kakese, watu wakavaana kwa fimbo na mapanga. Method alikwenda kwa pikipiki yake, na kamera. Enoka, kijana wa mama Kabula, alianguka mbele yake, akamnyoshea mkono. Method akapiga. Akapiga tena. Mkono ulizidi kuwa mkubwa kwenye kioo cha kamera, kwa sababu Enoka alikuwa anajivuta kumfikia. Alipoishusha kamera, mkono ulikuwa umelala chini.

Msibani mama Kabula alisimama. Kiswahili alikikuta ukubwani, walipohamia Katavi na ng'ombe wao kutoka Usukumani.

"Huyu Method alimpiga mwanangu akiwa anakufa."

Wanaume wakainuka. Fabiani akawahi, "Picha, mama. Alimpiga picha."

"Ndiyo," mama akasema. "Alimpiga."

Hakuna aliyemsahihisha tena.

Baadaye Dorotea, mjane wa Enoka, akaja studio. "Shikamoo kaka. Mume wangu hakuacha picha hata moja. Mama anaomba sura yake tu."

"Nitaangalia," Method alimwambia. Dorotea akaja tena, akajibiwa vilevile. Picha zilikuwepo, lakini hakuna isiyokuwa na ule mkono. Method alijaribu kuukata kwenye kompyuta. Ulipoondoka, macho yalibaki yakimwomba mtu.

Jumapili ile, kutoka kwenye banda la video, alikwenda moja kwa moja studio, akasafisha picha nzima, pamoja na ule mkono. Akachukua karatasi.

"Mama Kabula, shikamoo. Hii ndiyo sura ya Enoka. Mkono huo alininyoshea mimi. Pikipiki yangu ilikuwa karibu, na mafuta yalikuwemo. Ulisema kweli, mama, nilimpiga. Method."

Mama hakujua kusoma. Dorotea angesoma kwa sauti, na mji mzima ungesikia. Method alilijua hilo. Akalamba gundi, akafunga bahasha, akamwita Yotham wa bodaboda.

"Picha hii?"

"Picha. Usiikunje. Mpe mama mwenyewe mkononi."

Yotham akaiweka ndani ya koti, akawasha pikipiki. Jua lilimkaa vizuri mgongoni. Mkono wa Method ulishafika kifuani kuitafuta kamera kabla mwenyewe hajajua. Akaushika kwa mkono wa pili, akaung'ang'ania, mpaka pikipiki ikapotea njia ya Kakese.