Mbuzi wa Mama Mkwe

...na hilo la mbuzi hatukulipanga, tulipanga mengine yote ndani ya kamyo, lori la mizigo, tangu Walikale, mimi na mdogo wangu Noël, kwamba ni mume wangu, kwamba tunakwenda matanga Karuba, kwamba harusi ilifungwa parokiani, maana kijana asiye na mke kwenye barabara hii hushushwa akapewa bunduki, na mama amebaki na mtoto wa kiume mmoja tu, huyu aliyenikabidhi... "Mama, angalia huku, usiangalie kule," ananiambia mwanamume wa bariyeri, kizuizi cha wenye bunduki, Noël wamempeleka ng'ambo ya kamyo, yuko na mwenzake, swali lile lile, saa ile ile, "ile mbuzi ya mama-mukwe bwana yako alileta kwenu, ilikuwa kuleri gani?", na mimi mwalimu wa fizikia, badala ya kusali, nafikiria kazi yangu ya kumaliza chuo kule Goma, majaribio ya mitandao ya kwanta, chembe mbili za chanzo kimoja zinatenganishwa mbali, kila moja inaulizwa swali lililochaguliwa papo hapo, habari haipati muda wa kuvuka, na bado majibu yanalingana kupita makubaliano yoyote ya kabla, hata ukiweka kituo cha katikati kikaunganisha mbili ambazo hazijawahi kukutana... katikati yetu yuko dereva Katembo, ameshika usukani, amekwisha kuwaambia sisi ni bibi na bwana, Mungu ambariki, ila Katembo hajui rangi ya mbuzi, "Mama, hausikie?", nasikia, shefu, nakumbuka kwanza, ni siku nyingi... sisi si chembe, tuna makubaliano tu, na wanafunzi nimewaambia mara ngapi, makubaliano yanakwisha pale linapokuja swali ambalo hamkulitarajia, nikisema mweupe naye akasema mweusi nimempoteza, naogopa, atasema nini huyu, hajaoa, hajapeleka mbuzi popote, mbuzi wa mahari amemwona mmoja tu maishani mwake, kama mimi, yule waliyemleta wakwe wa dada Hélène, mwekundu, sikio limepasuka, aliyetafuna kitenge cha mama kwenye kamba ya kuanikia mbele ya wageni, mama akashindwa hata kumfukuza kwa sababu alikwisha kuwa wake... basi, sina haja ya kubahatisha, hatukupanga lakini tumelelewa nyumba moja, Noël akitafuta mbuzi kichwani atamkuta huyo, hana mwingine, "Mama, njo mara ya mwisho nakuuliza," na ng'ambo ya kamyo namsikia Noël anacheka, hajasema neno, anacheka tu, kule maabara wangelifuta jaribio zima, maana kicheko nacho ni habari, na kimevuka, nami nafungua mdomo, ilikuwa nyekundu, shefu, ilikula hata kitenge ya mama.