Kadi ya Duka la Dawa

"Kwa hiyo nyumbani kwako pesa nyingi zinakwenda wapi, mama?" aliuliza kijana wa benki.

Mvuke aliisimamisha pasi, akajifuta jasho kwa kiwiko. Jina hilo alibandikwa na wenzake, kwa kuwa alikuwa amepiga pasi katika chumba kile cha kufulia cha hospitali miaka kumi na mmoja. Kijana alikuwa amepanga vipeperushi vitatu kwenye meza ya kukunjia mashuka. Msimamizi alikuwa amewapa dakika kumi tu, na sita zilishakwisha.

"Zote ni kadi za mkopo," kijana alirudia. "Unanunua leo, unalipa mwisho wa mwezi, na benki inakurudishia kidogo. Hii inarudisha asilimia tatu ukinunua vyakula. Hii, asilimia tano kwenye duka la dawa. Ya tatu ni moja na nusu popote pale, ila ina ada ya mwaka. Unachagua moja."

"Na nikichelewa kulipa?"

Kijana alikohoa. "Hapo riba inakula chote ulichorudishiwa. Na zaidi."

"Nilijua tu kuna mahali inauma," alisema mwenzake mkunja mashuka, na kicheko kikazunguka meza.

Mvuke alicheka nao, lakini jibu lake alikuwa nalo tayari. Tangu mumewe afariki aliishi na mabinti zake wawili na mama mkwe, na mama mkwe alikuwa na presha. Kila mshahara ulipoingia, pesa ya dawa ndiyo iliyotengwa kwanza, kabla hata ya kodi ya nyumba. Alikuwa akimkabidhi mkononi, na mama mkwe akienda kununua mwenyewe.

"Dawa," alisema. "Dawa ndiyo inatumaliza."

"Basi niletee risiti za miezi sita siku ya Jumatatu, tuhakikishe."

Jumamosi mchana, mabinti walipotoka kwenda kusuka nywele, Mvuke alimwaga risiti zote kitandani. Mama mkwe hakuwahi kutupa karatasi. Alizibana kwa kibanio cha nguo, za kila mwezi pamoja. Mvuke alizipanga kama anavyopanga makoti ya madaktari kazini, kola kwa kola. Vyakula huku. Gesi na sabuni huku. Dawa huku.

Fungu la dawa lilikuwa na karatasi moja.

Alidhani nyingine zimejificha. Akapekua tena, akatikisa mto, akainama chini ya kitanda. Karatasi ile moja ilikuwa ya miezi mitano iliyopita. Ndipo akaanza kuzisoma za vyakula, na nyingi hakuzitambua: maziwa, mayai, mafuta ya kupikia, vitu vilivyonunuliwa saa nne asubuhi, siku za kazi, wakati yeye yuko kwenye pasi.

Alikaa kitako sakafuni. Miezi mitano hiyo ndiyo aliyokuwa akijisifu kazini kwamba siku hizi anajua kubana matumizi, mafuta yanafika mwisho wa mwezi, watoto wanapata yai. Mkunja mashuka alifika hata kumwomba amfundishe.

Mama mkwe alikuwa uani akianua nguo, kitambaa kimemkaza kichwani. Alikuwa akikifunga hivyo kwa wiki kadhaa, na akiulizwa alisema ni jua.

"Mama, dawa zako ziko wapi?"

Mwanamke yule mzee aliendelea kukunja gauni. "Kwenye kopo lake."

"Nimetoka kulifungua. Lina vifungo."

Mama mkwe akalikunja gauni lilelile mara ya pili.

"Kila asubuhi nakuona unameza. Ulikuwa unameza nini?"

"Maji, mwanangu."

Mvuke alitaka kupiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba mshahara wako hautoshi? Ulikuwa unarudi na vidole vimeungua, unakaa pale kwenye stuli, unasema, 'Mama, mwezi huu tumefika salama.' Unacheka. Tangu tumzike mwanangu sikuwa nimekuona ukicheka." Aliweka gauni kwenye beseni. "Nikaona nikuache."

"Ungeniachia watoto na maiti!"

Neno lilishatoka. Mama mkwe alishika ukingo wa beseni, akatazama chini kama mtoto aliyekemewa mbele za watu, na Mvuke akajuta palepale. Akamsogelea, akamfungua kile kitambaa. Kilikuwa kimeacha alama nyekundu kwenye paji la uso.

"Vaa viatu, Mama."

Kwa pesa zilizobaki walipata vidonge vya siku kumi.

Jumatatu kijana wa benki alihesabu risiti, akatabasamu kwa kuona kazi imekuwa rahisi. "Hapa hakuna mjadala. Chukua ya vyakula. Duka la dawa wewe hutumii kitu."

"Nipe ya duka la dawa."

"Lakini mama, ukitazama hizi karatasi..."

"Nimeshazitazama."

Aliandika jina lake polepole. Vidole havikuzoea kalamu nyembamba vile. Alipofika mahali pa kueleza atalipaje, aliandika kwamba atachukua zamu ya Jumapili, kisha akaenda kumwambia msimamizi, ambaye alikuwa hajui.

Kadi ilifika siku ya kumi na mbili tangu wanunue vidonge, navyo vilikuwa vimekwisha. Jioni ileile alikwenda na mama mkwe duka la dawa, Mvuke akiwa bado na aproni ya kazi. Muuza dawa, ambaye Mvuke alimweleza yote, aliifunga pakiti ya mwezi mzima, akapitisha kadi kwenye mashine, mashine ikatoa karatasi. Kisha akavuta kiti.

"Kwanza nikupime, bibi. Siku mbili bila kidonge, baada ya miezi yote ile ya kumeza maji, si jambo la kupuuza."

Alimzungushia mkanda kwenye mkono, akabonyeza. Mkanda ukajaa hewa, ukambana. Kwenye kioo kidogo cha kipimo namba zilianza kupanda, zikipitana mbiombio, na Mvuke akazikodolea macho bila kupumua. Mama mkwe hakuzitazama namba. Alikuwa akimtazama Mvuke usoni, kama anayengoja kumwona akicheka tena.